Fundi Aliyeshika Dumu

Fundi hakupenda kuambiwa ugonjwa wa gari. Ukifika gerejini kwake Masumbwe ukamwambia nozeli zimekufa, au pampu ya dizeli imechoka, aliendelea kufuta spana zake kana kwamba hakuna aliyesema. Ukirudia, ndipo alipokutazama.

"Usiniambie kilichoharibika. Niambie lilifanya nini."

Hapo unaanza upya kama mtoto. Lilizima ukiwa umesimama au ukiwa unatembea? Limepoa au limepata moto? Tangi lilikuwa limejaa au liko nusu? Madereva wa malori yanayokwenda mpakani walikasirika, maana walitaka kufunguliwa boneti na kuondoka. Yeye hakufungua boneti mpaka habari imalizike. Wengine waliondoka kweli, wakaenda kwa mafundi wa upande wa pili wa lami. Hakuwaita warudi.

Mafundi wale wengine walijulikana kwa majina yao. Yeye aliitwa Fundi tu, na mimi nilimwita hivyo miaka yote, hata nilipokwenda kwake kwenye msiba. Yeye aliniita Mama Neema, na akiwa ametulia aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Siku ambayo hakuniita chochote nilijua nisikae karibu naye.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli, ya zamani, aliyoniachia marehemu mume wangu. Kwa pikapu hiyo nilibeba maji ya kunywa, maharage na mchele kupeleka kwa wachimbaji wadogo. Alijua jinsi nilivyoitegemea, na kila nilipofika gerejini Fundi aliisogelea pikapu kwanza kabla ya kunijibu salamu. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Nilimwamkia shikamoo, nikasubiri. Marahaba yangu ilikuja baadaye, injini ikishazimwa.

Mikono yake ilitetemeka. Ujanani, kabla ya gereji, alikuwa machimboni, na alichoma zebaki kutoa dhahabu ndani ya chumba kile kile alichokuwa analala. Alisema siku hizo hakuna aliyewaambia kwamba moshi wa zebaki ni sumu, na wangeambiwa wasingesikia. Ulikuwa unasikia spana ikigongagonga pembeni mwa nati, tk tk tk, ikitafuta mahali pa kukaa. Ikishakaa, mtetemo uliisha na mkono ukawa wa mtu mwingine. Chai alikunywa akiwa amesimama, kikombe kikiwa juu ya boksi la betri, akiinama kukifuata kwa mdomo ili asikinyanyue. Hakupenda mtu amsaidie. Mara moja mwenzangu wa biashara, mama muuza vitumbua, alimnyanyulia kikombe, na Fundi hakununua kitumbua kwake mpaka msimu ule wa kilimo ukaisha.

Aliyachukia machimbo. Alisema shimo halishibi, na akipita mtu na mawe ya dhahabu kwenye kiroba alikataa yawekwe ndani ya kiwanja chake, hata kama mvua inanyesha. Lakini pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yale mashimo ambamo vijana wanashuka kwa kamba, nyingi zilitengenezwa na yeye. Zililetwa kwenye bajaji na mikokoteni, zimejaa tope, naye alizisafisha kwa dizeli kama anayemwogesha mgonjwa. Nilimuuliza siku moja inakuwaje. Alinijibu kwamba asipozitengeneza maji yatajaa, na vijana watashuka hivyo hivyo. Niliona jibu lile halikumridhisha hata yeye mwenyewe, maana alilirudia jioni bila kuulizwa.

Na kwa mashine alikuwa mpole kuliko kwa watu. Dereva mmoja wa lori alipiga teke bampa la lori lake kwa hasira, na Fundi akakusanya spana zake, akamwambia aende. Hakupandisha sauti. Sauti yake niliisikia ikipanda kwa mtu mmoja tu, Masanja, mwanawe wa pekee.

Masanja alikuwa mtu mzima, ana mke na mtoto mdogo. Alifanya kazi na baba yake tangu alipomaliza shule, na sisi wateja tuliona anaiweza. Baba yake hakuona hivyo, au aliona na hakusema. Alikuwa anamnyang'anya spana mkononi mbele ya watu. "Toa mikono yako hapo. Unaua gari la watu." Masanja alikuwa anacheka kidogo, kicheko cha kuficha aibu, anasogea pembeni. Siku moja hakucheka. Alifuta mikono yake kidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akakikunja kitambaa, akakiweka juu ya meza ya kazi, akatoka. Baada ya muda tukasikia yuko machimboni, anashuka duara.

Fundi hakumtaja tena. Ukimtaja wewe, alianza habari ya gari. Niliyekuwa nakwenda na kurudi kule machimboni ni mimi, nami nilimwona Masanja mara nyingi akija kuchukua chakula kwenye pikapu yangu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Aliniuliza mzee anaendeleaje. Nilimwambia anaendelea. Nikirudi Masumbwe, Fundi hakuniuliza kitu. Lakini niligundua jambo. Pampu ikiletwa, aliuliza inatoka duara la nani. Ikiwa ya duara analoshuka Masanja, akimaliza kuitengeneza hakuitoa haraka. Aliiweka kwenye pipa la maji na kuiacha ifanye kazi mchana kutwa, akiisikiliza, wenyewe wakisubiri na kulalamika.

Sasa pikapu yangu ilianza kuzima. Ukiwa unakanyaga mafuta haikuwa na neno, inapanda mlima na mzigo. Ukiachia, ikibaki kwenye sailensi, yaani injini ingurume yenyewe taratibu gari likiwa limesimama, ilitetemeka, ikakohoa, ikazima. Nilizimikiwa sokoni, nikazimikiwa kwenye kizuizi cha polisi, nikazimikiwa katikati ya ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara. Nikajifunza kusimama huku mguu mmoja uko kwenye mafuta, kazi ambayo inachosha nyonga.

Mafundi wa ng'ambo walitaka kupandisha skrubu ya sailensi tu, injini ingurume juu zaidi. Nilipompelekea Fundi wazo hilo alinitazama kwa huzuni. Alisema huko ni kumpigia kelele mgonjwa ili asisikike akilia. Akaanza na maswali yake. Nikamweleza: asubuhi inawaka vizuri. Tangi likijaa haizimi sana. Likifika nusu ndipo inasumbua.

"Likifika nusu," alirudia, kisha akafungua boneti.

Alibadilisha filta ya dizeli, akamwaga maji yaliyokuwa chini ya ile ya zamani. Ikazima. Alifungua nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, akazipima moja moja, zilikuwa zinapuliza vizuri. Ikazima. Ndipo alipokata mpira wa mafuta karibu na injini na kuunganisha kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani. Aliniita nikatazame. Dizeli ilikuwa inapita, na ndani yake vilipita vipovu vidogo, kimoja kikifuata kingine, kama mate ya mtoto. Alinieleza kwamba pikapu ilikuwa inakunywa hewa. Ukikanyaga inavumilia, kwa sababu mafuta yanavutwa kwa nguvu. Ukiachia, hewa ile kidogo inatosha kuiua.

Kilichobaki ni kujua hewa inaingia wapi. Siku hiyo ilikuwa adhuhuri, mvua za masika zimekata kwa muda na ardhi yote imelowa. Fundi aliliacha tangi kabisa. Alichukua dumu la dizeli safi, akachomeka ndani yake mpira mrefu unaokwenda kwenye filta na mwingine wa kurudisha mafuta, akaipitisha mipira kwenye mwanya wa boneti na kuliweka dumu juu ya bampa. Akapampu kwa mkono hewa ikatoka. Nikawasha. Injini ikashika, nikaondoa mguu, na pikapu ikanguruma yenyewe, laini, bila kukohoa. Tulisimama tukiitazama. Fundi alitabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu, akasema basi, ubaya uko nyuma, kwenye tangi au bomba lake, kesho analishusha.

Pikipiki iliingia kwa kasi mpaka karibu ituangukie. Aliyeipanda alikuwa mchimbaji ninayemfahamu kwa sura, amejaa tope. Alimtafuta Fundi kwa macho, akamwona, kisha akazungumza akinitazama mimi. Ukuta wa duara umeporomoka. Wamemtoa Masanja, yuko hai, lakini kifua na nyonga vimebanwa na hawezi kukalishwa kwenye pikipiki. Gari lililokuwa kule liliondoka asubuhi.

Fundi hakuuliza swali. Alinyanyua dumu kutoka kwenye bampa, akalikumbatia, akaipitisha mipira dirishani na kukaa kwenye kiti cha abiria. Yeye hakuwahi kupanda gari alilolitengeneza; alikuwa akisema akipanda masikio yake yatamchosha. Nilimwuliza kama tulirudishe bomba la tangi kwanza. Akasema, "Twende hivi hivi. Likirudi kwenye tangi litatuzimia njiani."

Machimboni walimlaza Masanja nyuma, juu ya turubai na viroba vitupu, na wachimbaji wawili wakapanda kumshika asitikisike. Fundi hakushuka. Alikuwa amelikumbatia dumu kifuani, mkono mmoja umeshika shingo ya dumu, mwingine umeibana mipira isichomoke. Mikono ilitetemeka na dizeli ilimrukia kwenye shati. Mmoja wa wachimbaji alikuja dirishani akamwambia mzee, nipe mimi hilo, wewe nenda nyuma ukakae na mwanao.

"Hili halishikwi na mtu mwingine," Fundi alisema. "Ukiliinamisha vibaya linavuta hewa."

Nimelifikiria neno lile sana. Lilikuwa kweli. Njia yote ilikuwa mashimo, dumu lilikuwa linapungua na alilazimika kuliinamisha kidogo kidogo ili mpira ubaki ndani ya mafuta. Ingeingia hewa tungesimama porini tukipampu kwa mkono. Lakini tangu kile kitambaa kilipokunjwa mezani, baba na mwana hawakuwa wamesemezana, na sijui kama hakuogopa kwenda nyuma. Sijui. Nilikuwa naendesha, na nilimwona kwa pembeni tu. Hakulitoa jicho kwenye dumu.

Tulikwenda kuelekea hospitali. Niliendesha polepole kuliko nilivyotaka, maana kila shimo lilitoa sauti nyuma. Tukafika kwenye kalavati moja iliyofurika, na mbele yetu kundi la ng'ombe lilikuwa linavushwa. Wachungaji walipiga miluzi kuwaharakisha, lakini ng'ombe akiingia kwenye maji ya kasi hana haraka. Nikasimama. Kwa mazoea niliacha mguu kwenye mafuta. Fundi, bila kugeuka, akaniambia niachie. Nikaachia.

Pikapu haikuzima. Ilinguruma chini chini, shwari, mahali ambapo siku nyingine zote ingekufa. Na kwa sababu ilikuwa inanguruma chini hivyo, na madirisha yalikuwa wazi, nilisikia sauti kutoka nyuma.

"Baba."

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Ikaja tena, na mara ya tatu ilikatikia njiani. Sikuthubutu kugeuza uso kumtazama Fundi. Niliona mikono yake tu, na dumu, na mafuta yakicheza ndani. Mikono ile haikuwa inatetemeka. Ng'ombe wa mwisho akavuka, nikaingiza gia.

Masanja alikata roho kabla hatujaingia hospitalini. Wachimbaji waliligonga paa la gari, nikajua. Fundi alijua pia, lakini hakuachia dumu mpaka nilipoegesha. Nilipotaka kuzima injini alinizuia kwa mkono, akakaa akiisikiliza kidogo, kisha akaizima mwenyewe. Mlinzi wa getini alikuja kutusaidia kushusha, na katika kutafuta la kusema aliiona ile mipira na dumu, akasema huyu fundi ni hatari, gari limefika bila tangi. Alisema kwa nia njema. Fundi alimjibu ahsante.

Msiba ulikuwa kwake. Watu walisema yale yanayosemwa. Alikaa kwenye mkeka na wazee wenzake, akashukuru kila aliyekuja, wabeja, wabeja sana, na hakulia mbele yetu. Baada ya mazishi, kabla hata wageni wa mbali hawajaondoka, alikuja kunigongea nimpelekee pikapu. Nilimwambia aiache kwanza, ipo siku. Akasema imekaa na ugonjwa muda mrefu.

Alilishusha tangi peke yake. Lile bomba la chuma linalonyonya mafuta lilikuwa limeliwa na kutu karibu na katikati, ndani ya tangi, tundu dogo ambalo usingeliona bila kulipuliza bomba ndani ya maji. Tangi likijaa, mafuta yalilifunika tundu; yakishuka, tundu likawa linavuta hewa. Alinionyesha, akanieleza kwa utaratibu ule ule wa siku zote, akaliziba kwa kuchomelea. Tangu siku hiyo pikapu haijawahi kunizimia. Sikumshukuru kwa sauti, maana niliona hataki.

Hakufanya kazi sana baada ya hapo. Pampu za maduara alizikataa zote. Wenye maduara walimbembeleza, wengine wakamtukana, na aliwasikiliza mpaka mwisho halafu akaendelea na alichokuwa anafanya. Kunywa alianza, akaacha, akaanza. Kisha gereji ikafungwa, na nikasikia amehamia Geita, Kalangalala, kwa mkwewe, yule mjane wa Masanja, aliyekuwa anapika chakula cha kuuza karibu na stendi na kumlea mtoto. Watu walishangaa mkwe kumchukua mzee ambaye mumewe aliondoka kwake kwa uchungu. Mimi sikushangaa. Yule mwanamke alimjua kuliko sisi.

Mwaka huu nilipeleka mchele Geita na nikaenda kumwona. Alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, amekonda, nywele zote nyeupe. Mikono ilikuwa imemzidi kabisa, alikuwa ameikalia chini ya mapaja ili itulie. Nilimwamkia. Aliniitikia papo hapo, bila kusubiri kitu. Mkwewe aliniletea kiti na maji, akatuacha, akaenda kwenye biashara yake. Mtoto alikuwa shuleni.

Tulizungumza habari za Masumbwe, nani amekufa, nani amejenga. Hakuniulizia pikapu. Nilitaka kumwambia iko nje, nikahamia kwenye bei ya mchele. Kabla sijamaliza, alinikatiza.

"Mama Neema, pale kwenye ng'ombe. Ulisikia kitu?"

Nilifikiri kusema hapana. Ningesema hapana na angeamini, au angejifanya ameamini. Lakini alikuwa ananitazama kama zamani alipokuwa anamhoji dereva, na kwa macho yale sikuweza kumwambia kisichotokea.

"Nilisikia, Fundi. Alikuita."

Alitikisa kichwa taratibu. Aliniambia kwamba miaka yote hii hakuwa na uhakika. Alidhani labda ni masikio yake, maana masikio ya fundi yanasikia mengi. Hakuweza kuwauliza wale wachimbaji, na mkwewe hakuwepo. Alikuwa amebaki na mimi tu, na aliogopa kuniuliza.

Nilimwambia lile nililokuwa nimeliandaa tangu siku ile. Kwamba angegeuka dumu lingelala, gari lingezima, tungekwama mbele ya maji. Kwamba alifanya alichoweza ili mwanawe afike.

"Hakufika," alisema.

"Hakufika."

"Nilipomwona wanampandisha nilijua hafiki. Nimekaa machimboni, nawajua wanaofika." Alitoa mkono mmoja chini ya paja, ukaruka ruka hewani, akaurudisha. "Angekufa tu, mayu. Ila angekufa ameshikwa."

Nje kulikuwa na watoto wanaotoka shule, na aligeuza shingo kutazama mlango wa ua. Mjukuu wake aliingia na begi, akaniamkia, akapita kwenda ndani. Kabla hajafika mlangoni aliita kuuliza kama kuna chakula.

"Babu?"

"Naam," Fundi aliitika haraka, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, na tayari alikuwa anajinyanyua kwenye kiti. "Naam, niko hapa. Nakuja."